Simu Ikikatika Ofisini, Angalia Saa Kabla ya Kuongeza Mbps

Ofisi nyingi za Nairobi zina dawa moja tu ya simu mbovu: kuongeza kifurushi cha intaneti. Simu zikianza kukatika, meneja anapandisha kutoka Mbps 20 (megabiti kwa sekunde) hadi 50. Wiki mbili zinapita, simu bado zinakatika, na lawama zinahamia kwa kampuni inayouza huduma ya simu za wingu, yaani simu zinazopita kwenye intaneti. Mkataba unavunjwa, kampuni nyingine inaletwa, na tatizo linabaki palepale kwa sababu tangu mwanzo lilikuwa kwenye ruta iliyowekwa juu ya kabati ya mapokezi.

Naona huu ni upotevu wa pesa, na anayeumia zaidi ni mteja. Mtu anayepigia kliniki kuulizia matokeo ya mtoto wake, au mwanachama wa sacco anayefuatilia mkopo, hajali simu yako iko kwenye wingu lipi. Anachojua ni kwamba alipiga mara tatu na hakusikika.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Simu moja inayotumia kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 inakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, pamoja na mzigo wote wa paketi, vile vifurushi vidogo vya data vinavyobeba sauti. Watu 20 wakiongea kwa pamoja hawafikishi Mbps 2. Ukitumia G.729, kodeki inayobana sauti zaidi, simu moja inashuka hadi kama kilobiti 31. Kifurushi cha Mbps 20 kinatosha na kubaki. Kinachoua simu ni ruta inayojifanya mjuaji, foleni ya data, na malalamiko yasiyo na maelezo.

Nianze na malalamiko. "Simu hazifanyi kazi" si ripoti. Fundi anahitaji kujua saa ngapi, nambari gani ilipiga nambari gani, nani hakusikika, na simu ilikatika baada ya muda gani. Hilo la mwisho ndilo linalodharauliwa sana, ilhali mara nyingi ndilo linalotaja kosa.

Chukua simu inayokatika kwenye sekunde ya 32. Unapopokea simu, mfumo wako unatuma jibu la kwamba imepokelewa, kisha unangoja uthibitisho kutoka upande wa pili. Usipofika, jibu linarudiwa na kurudiwa kwa muda wa milisekunde 500 mara 64, yaani sekunde 32, halafu simu inakatwa. Ndivyo zinavyosema kanuni za SIP, lugha ambayo simu za intaneti hutumia kuanzisha na kukata simu, katika waraka wa RFC 3261 uliotolewa mwaka 2002. Kwa hiyo wahusika wanaongea vizuri kwa nusu dakika, mara kimya, na kila mtu anasema ni mtandao. Mtandao mbovu hauna saa. Haungoji sekunde 32 kila siku. Simu zikikatika hapo kila mara, kuna kifaa kati ya simu na seva (kompyuta ya mtoa huduma inayoendesha simu) kinachopoteza au kuharibu ule uthibitisho.

Simu ikikatika kwenye dakika ya 15 au ya 30 barabara, sababu ni nyingine. Mifumo mingi hukagua kama simu bado iko hai, na muda wa kawaida ni sekunde 1800, yaani dakika 30, ukaguzi ukifanyika nusu ya muda huo. Ujumbe wa ukaguzi ukizuiwa na faiwoli, yaani ukuta wa ulinzi wa mtandao, simu inakatwa watu wakiwa katikati ya mazungumzo. Wauzaji wa bima na mikopo, wenye simu ndefu, ndio wanaoliona kosa hili. Mapokezi hawatalijua kamwe.

Mshukiwa wa kwanza katika haya ni SIP ALG. Ni kipengele cha ruta kilichobuniwa kusaidia simu kupita kwenye NAT (ruta kuvipa vifaa vyote vya ofisi anwani moja ya intaneti), lakini katika ruta nyingi kinaandika upya anwani zilizo ndani ya ujumbe wa SIP na kuziharibu. Matokeo yake ni sauti ya upande mmoja, simu kukatika, au simu za mezani kupoteza usajili wao kwenye seva bila sababu ya kuonekana. Kizime. Kwenye ruta za MikroTik, ambazo zimejaa katika ofisi za mji huu, ingia IP, kisha Firewall, kisha Service Ports, uzime mstari wa sip. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, zima na uwashe simu zote au ufute miunganisho iliyopo kwenye ruta. Miunganisho ya zamani huendelea kushikwa na kile kipengele hata baada ya kuzimwa, na fundi anaondoka akiamini kwamba hakikuwa na kosa.

Kumbuka pia kwamba ofisi nyingi zina ruta mbili: ile ya kampuni ya faiba na ile waliyonunua wenyewe. Kuzima kwenye moja hakutoshi. Ile ya kampuni ikiwa imefungwa kwa nywila yao, waombe waiweke kwenye hali ya daraja (bridge mode) ili ruta yako pekee ndiyo ifanye kazi ya NAT.

Kama mnaweza kupiga lakini simu zinazoingia hazilii baada ya ofisi kukaa kimya dakika kadhaa, ruta imefunga njia ambayo seva ilikuwa ikitumia kuwafikia. Weka simu zitume kwa seva ishara ndogo ya kuweka njia wazi (keep-alive) kila sekunde 20 hadi 25, au hamia TLS, muunganisho uliosimbwa kwa siri, kwenye poti 5061. Walio kwenye Starlink au ruta za 5G walishughulikie hili mapema, kwa kuwa huko anwani moja ya intaneti hugawanywa kwa wateja wengi.

Kuna kosa moja linalotesa ofisi nzima kwa wakati mmoja. Simu zote zinapoteza usajili ghafla, intaneti iko sawa, barua pepe zinaingia, lakini simu ileile ukiiunganisha na data ya simu ya mkononi inasajiliwa bila shida. Hapo seva imeifungia anwani ya ofisi yenu. Mara nyingi ni simu moja iliyosahaulika kwenye chumba cha mkutano, yenye nywila ya zamani, inayojaribu kuingia kila dakika hadi seva inaamini inashambuliwa. Kwa kuwa ofisi yote inatoka kwa anwani moja, wote wanafungiwa. Mwombe mtoa huduma aifungue, lakini kwanza itafuteni hiyo simu, la sivyo mtafungiwa tena kabla ya chai ya saa nne.

Sauti ikikatikakatika kama ya roboti, pima foleni. Fungua dirisha la amri kwenye Windows, andika ping -n 200 na anwani ya seva ya simu, kisha mwenzako apakie faili kubwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Muda ukipanda kutoka milisekunde 10 hadi 400, umempata mhalifu. Upande wa kupakia umejaa, na paketi za sauti, ambazo hutoka 50 kwa sekunde, zimepanga foleni nyuma ya nakala za kamera za CCTV. Weka kikomo kwenye ruta cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi halisi ya kupakia, tumia fq_codel au CAKE, mbinu za ruta za kupanga foleni kwa haki, na uipe sauti kipaumbele kwa DSCP 46, alama inayowekwa kwenye paketi za sauti. Kazi hiyo ya mchana mmoja ina faida kuliko kifurushi kikubwa cha mwaka mzima. Na simu za mezani ziwe kwenye waya. Waifai ya ghorofa yenye ofisi kumi si mahali pa kupokelea wateja.

Ulizeni pia seva iko wapi. Ikiwa London, simu kutoka Westlands kwenda kwa mteja wa Gikomba inasafiri hadi Ulaya na kurudi, safari ya kama milisekunde 150 hata siku njema. Huo tayari ndio mpaka ambao ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, inapendekeza katika mwongozo wake wa G.114, kabla ya kuongeza ucheleweshaji wa vifaa vyenyewe. Na nyaya za chini ya bahari zikikatika, kama EASSy na Seacom mnamo 12 Mei 2024, simu ya mtaa kwa mtaa inaathirika pamoja na zote. Ningechagua mtoa huduma mwenye seva Nairobi hata kama ni ghali kidogo.

Kuhusu stima, sitasema mengi: UPS (betri ya dharura) iwe kwenye kifaa cha faiba, ruta na swichi kwa pamoja. Jenereta hukawia sekunde chache kuwaka, na sekunde hizo zinatosha kuzima kila kitu.

Upande wa ujumbe, bili ya SMS ina mwizi mdogo sana. SMS moja hubeba herufi 160 ikiwa zote zimo kwenye orodha ya GSM, yaani herufi za msingi za simu za mkononi. Alama ya ritifaa iliyonyooka ' imo. Ile iliyopinda ’ ambayo Word huiweka yenyewe haimo. Ikiingia hata moja, ujumbe wote unahamia mfumo wa herufi 70, na ukizidi hapo unagawanywa vipande vya 67. Andika Murang’a kwa ritifaa iliyopinda, na ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja unalipiwa kama SMS tatu. Majina kama Ng’ang’a na Kang’ethe yakitoka kwenye jedwali la wateja yanafanya vivyo hivyo, kimyakimya. Safisheni jedwali lote, kisha muwaombe wanaotengeneza mfumo wabadilishe ritifaa kabla ya kutuma.

Hakikisheni pia mfumo unakubali nambari zinazoanza na 01. Bado kuna fomu zinazokubali 07 peke yake, na mteja halali anaambiwa nambari yake ni batili. Zihifadhini zote kwa +254. Na msitumie tarakimu za mwanzo kukisia mtandao wa mteja. Kenya iliruhusu watu kuhama na nambari zao tangu 2011.

WhatsApp ya biashara inayotumwa kupitia mfumo ina sheria yake: mteja akiwaandikia, mna saa 24 za kumjibu kwa maneno yenu. Baada ya hapo ni violezo tu, yaani ujumbe uliotayarishwa na kuidhinishwa na WhatsApp mapema. Kosa nambari 131047 likitokea, seva yenu haina ubaya, dirisha limefungwa. Mteja aliyeandika Ijumaa jioni na kujibiwa Jumatatu asubuhi yuko nje ya muda huo, kwa hiyo wekeni zamu ya Jumamosi, au muwe na kiolezo kilichoidhinishwa mapema cha kufungua tena mazungumzo.