Wamisionari, watoto wao na watoto wa Haiti

Tarehe 23 Mei 2024, Rais William Ruto akiwa Washington pamoja na Joe Biden, huku safari ya polisi wa Kenya kwenda Haiti ikiwa gumzo, magenge ya Port-au-Prince yaliua watu watatu waliokuwa wametoka kwenye shughuli ya vijana kanisani. Waliokufa ni Davy Lloyd, kijana wa miaka 23, mkewe Natalie wa miaka 21, na Jude Montis, Mhaiti aliyekuwa mkurugenzi wa huduma yao. Davy hakuwa mtalii wa kiroho aliyekuja wiki mbili kupaka rangi ukuta na kupiga picha. Wazazi wake, Wamarekani wa Oklahoma, walianzisha huduma ya Missions in Haiti mwaka 2000, wakajenga shule na makao ya watoto. Mtoto wao akakulia hapo, akizungumza Kikrioli tangu utotoni. Alipooa, alirudi na mkewe kuendeleza kazi ya wazazi.

Mbele ya msiba kama huo ni vigumu kuuliza kama makao ya yatima ni jambo jema. Anayeuliza huonekana hana shukrani, au ni mmoja wa wale wanaokosoa huku wameketi sebuleni. Lakini swali lilikuwepo kabla ya msiba na halikuzikwa nao, na polisi wetu walipotua Haiti mwezi mmoja baadaye, tarehe 25 Juni, lilitusogelea zaidi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Familia ya mmisionari ina jambo kubwa la kutufundisha kuhusu malezi ya yatima. Jambo hilo halimo katika makao inayoyaendesha. Limo katika jinsi inavyowalea watoto wake yenyewe.

Kwanza hali yenyewe ya Haiti. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba nchi ile ina watoto wapatao 30,000 katika makao zaidi ya 750, mengi yakitegemea fedha za makanisa ya nje, hasa ya Marekani. Kati ya kila watoto watano wa makao hayo, wanne wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Wamefikaje basi kwenye nyumba ya yatima? Jibu halina fumbo: shule nyingi za Haiti ni za binafsi na zinatoza ada. Mama mwenye watoto watano na kipato cha kuunga-unga akisikia kwamba kwa mzungu mtoto anakula mara tatu na kusoma bure, anampeleka. Hajamtupa. Kwa akili yake amempatia mwanawe nafasi ya bweni.

Hesabu ya fedha ndiyo inayonikera zaidi. Shirika la Lumos, linalopigania watoto watoke kwenye makao na kurudi kwenye familia, lilikadiria kwamba makao ya Haiti hupokea kutoka nje si chini ya dola milioni 70 kwa mwaka. Gawanya kwa watoto 30,000, unapata zaidi ya dola 2,300 kwa kila mtoto. Mpe yule mama hata robo ya kiasi hicho kila mwaka, kwa ada na mtaji wa biashara ndogo, uone kama atampeleka mtoto popote.

Mbona hapewi, basi? Hapo sidhani kwamba kuna ubaya wa moyo. Mmisionari wa aina hii kwa kawaida halipwi mshahara na dayosisi. Huzunguka makanisa ya kwao akitafuta wafadhili, kisha kila baada ya muda huwaandikia barua ya maombi yenye habari na picha. Picha ya watoto arobaini wamepanga mstari mbele ya jengo jipya inaeleweka na kila muumini aliyeketi kwenye benchi huko Texas. Habari ya mama aliyekopeshwa mtaji na watoto wake wakabaki nyumbani kwao haina picha ya kutuma. Mtoto ambaye hakuwahi kutenganishwa na mama yake haonekani kama mtoto aliyeokolewa. Mfumo wa sadaka unalipia kutenganisha kuliko kuzuia kutenganisha, na mmisionari mwenye watoto wa kulisha anaishi ndani ya mfumo huo.

Nia njema nayo ina historia yake Haiti. Siku kumi na saba baada ya tetemeko la tarehe 12 Januari 2010, Wabaptisti kumi wa Marekani walikamatwa wakijaribu kuvuka mpaka kuingia Jamhuri ya Dominika na watoto 33 wasio na hati. Walisema wanawaokoa yatima. Baadaye ilibainika kwamba watoto wote walikuwa na angalau mzazi mmoja hai, na baadhi walikabidhiwa na wazazi wenyewe kwa ahadi ya shule na maisha bora. Miaka kumi baadaye, Februari 2020, moto uliwaka usiku katika makao ya dhehebu moja la Kimarekani nje kidogo ya Port-au-Prince, ukaua watoto 15. Iliripotiwa kwamba walikuwa wakitumia mishumaa kwa sababu jenereta ilikuwa mbovu. Hapo ndipo dunia iliposikia kwamba katika makao zaidi ya 750, yenye kibali cha serikali ni 35 tu. Na Mei 2025 mahakama ya Miami ilimhukumu Michael Geilenfeld, Mmarekani aliyefungua makao ya wavulana Haiti mwaka 1985, kifungo cha miaka 210 kwa kuwadhulumu watoto kingono.

Si haki kuwapima wamisionari wote kwa Geilenfeld. Ila mtu wa aina yake aliwezaje kukaa muda wote huo? Aliweza kwa sababu mgeni mwenye fedha, katika nchi ambayo serikali haina nguvu ya kukagua, ni vigumu kumgusa. Mlango huohuo uliompitisha mwema ulimpitisha mwovu.

Upande wa pili nao una uzito, na wakosoaji wengi huupita haraka mno. Gena Heraty wa Ireland alifika Haiti mwaka 1993, akaishia kuwalea watoto na watu wazima wenye ulemavu katika makao ya Kikatoliki huko Kenscoff. Agosti 2025 alitekwa nyara pamoja na wengine saba, akiwemo mtoto wa miaka mitatu, wakaachiwa baada ya wiki kadhaa. Mwanamke aliyekaa zaidi ya miaka thelathini na watoto wasioweza kutembea wala kujilisha, utamwambia mradi wake haufuati mwongozo wa kisasa? Serikali iliyopaswa kuichukua kazi hiyo haipo. Oktoba 2021, genge la 400 Mawozo liliteka wamisionari 17 wakitoka kutembelea makao ya yatima. Miongoni mwao walikuwemo watoto watano, mmoja akiwa na umri wa miezi minane tu. Wazazi waliokubali kuishi na kichanga mahali kama hapo wanaweza kuwa wamekosea hesabu. Kuwaita wasanii wa huruma, hapana.

Utafiti wenyewe pia hauwaungi mkono wakosoaji kama wanavyodhani. Mwaka 2009 Kathryn Whetten wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake walichapisha matokeo kuhusu watoto wapatao 3,000 wa miaka 6 hadi 12, yatima au walioachwa, katika nchi tano zikiwemo Kenya na Tanzania, Bungoma na Kilimanjaro zikiwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa. Waliwalinganisha wanaoishi katika makao na wanaoishi na jamaa mitaani na vijijini. Walio katika makao hawakuwa na hali mbaya kuliko wenzao, na kwa vipimo kadhaa walikuwa na nafuu. Kila aliyewahi kuona yatima akilelewa na ami asiyemtaka, akichota maji wakati binamu zake wako shuleni, hatashangaa. Ukoo nao unaweza kuwa na meno.

Lakini utafiti wa Bucharest, mji mkuu wa Romania, ulioanza mwaka 2000 ulifuatilia watoto 136 waliokuwa katika taasisi wakiwa wachanga, nusu yao wakahamishiwa familia za malezi ya kambo. Waliohamishwa walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, na kadiri walivyohamishwa mapema ndivyo nafuu ilivyokuwa kubwa. Tafiti hizi mbili hazigombani. Moja inazungumzia watoto wa umri wa shule, katika vituo vidogo vingi vilivyo ndani ya jamii. Nyingine inazungumzia vichanga waliokosa mtu mmoja wa kuwabeba kila siku. Ukizisoma pamoja, hoja ya kwamba makao yote ni sumu inadhoofika, na ile ya kwamba kichanga anafaa kulelewa na wafanyakazi wa zamu inakufa kabisa. Vikundi vya vijana wa kanisa wanaokuja wiki mbili, wakapendwa na watoto kisha wakaondoka, ndiyo zamu iliyo mbaya kuliko zote, na sioni tafiti yoyote ya kuwatetea.

Sasa nirudi kwa watoto wa wamisionari wenyewe, maana hapa ndipo mjadala hukosa kumbukumbu. Kwa vizazi kadhaa wamisionari waliwapeleka watoto wao bwenini. Rift Valley Academy ya Kijabe, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilijengwa kwa ajili hiyo, na jengo lake la Kiambogo liliwekewa jiwe la msingi na Theodore Roosevelt mwaka 1909. Guinea kulikuwa na shule ya bweni ya Mamou kwa watoto wa wamisionari wa kanisa la Kimarekani la Christian and Missionary Alliance, iliyofungwa mwaka 1971. Wanafunzi wake walipokuwa watu wazima walianza kusema. Tume huru iliyoundwa na kanisa ilitoa ripoti mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuthibitisha kwamba watoto walipigwa, walidhalilishwa na wengine kudhulumiwa kingono na watu waliokabidhiwa kuwalea. Walikuwa wamenyamaza kwa miaka mingi wakiamini kwamba kulalamika kungeharibu kazi ya Mungu waliyokuwa wakiifanya wazazi wao.

Kanisa lilisikia. Siku hizi familia nyingi za wamisionari husomesha watoto nyumbani au huwapeleka shule za kutwa, na zile za bweni zimelazimika kuweka kanuni za kuwalinda watoto. Mmisionari wa leo ukimwambia amwache mtoto wake wa miaka sita mikononi mwa watu baki, hata wacha Mungu, hatakubali. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Sababu alizozikubali kwa mtoto wake, kwa nini hazimhusu mtoto wa yule mama wa Haiti? Na kama ukimya wa watoto wa Mamou ulitokana na kuwaheshimu waliotumwa na Mungu, ukimya wa mtoto anayekula chakula cha mfadhili una uzito kiasi gani? Waliokulia kwenye makao ya Haiti, Kenya na Uganda wengi ni watu wazima sasa, na baadhi yao wanasema. Sijaona kanisa linalowasikiliza kwa unyenyekevu uleule uliotumika kwa wana wa nyumbani.

Wanaopenda kuanza na Yakobo 1:27, "kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao", wanalipita upesi neno "wajane". Wametajwa pamoja, yatima na mjane. Mjane ni mama. Ukimtazama mtoto na kumwacha mama, aya umeikata katikati.

Kwamba inawezekana kufanya vingine, Rwanda imeonyesha. Ilikuwa na watoto zaidi ya 3,000 katika taasisi zaidi ya 30, nyingi zilizaliwa au kujazwa na mauaji ya kimbari ya 1994. Kuanzia 2012 serikali iliamua kuwarudisha kwa jamaa au kuwapeleka kwa familia zilizojitolea, zinazojulikana kama Malayika Murinzi. Lakini Rwanda ina serikali inayofika mpaka kwenye kijiji. Haiti haina, na anayependekeza Haiti ifunge makao kesho anapendekeza watoto waende barabarani, ambako magenge yanaandikisha wavulana.

Kenya iko katikati ya hizo mbili. Ilisimamisha wageni kuasili watoto wetu Novemba 2014, ikasitisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, ikapata Sheria ya Watoto ya 2022 na mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuhamisha watoto zaidi ya 40,000 kutoka makao kwenda kwenye familia. Mengi ya makao hayo yana mkono wa kanisa. Maofisa wa watoto ni wachache, bajeti yao nyembamba, na wafadhili wakiona jengo limefungwa wanaweza kufunga pochi nao.

Ndiyo maana sioni busara kuwafukuza wamisionari. Ni wao pekee wanaoweza kusimama mbele ya kanisa la Oklahoma au la Seoul na kuaminiwa wakisema: tumehamisha watoto thelathini kwa shangazi na bibi zao, bweni liko tupu, gharama ni zilezile, tafadhali endeleeni kutuma. Kati ya mambo yote magumu wanayotakiwa kuyafanya, hilo naliona kuwa gumu kuliko kujifunza Kikrioli. Wale wachache wasio na pa kurudi, kama watoto wa Kenscoff, wabaki na nyumba ndogo yenye mlezi wa kudumu, cheti ukutani na mkaguzi anayeingia bila hodi.