Eyam si ya kupigia picha tu
Makala moja ya utalii imekisifu kijiji cha Eyam, kule Derbyshire, Uingereza, kwa nyumba za mawe na baa yake, tauni iliyokikumba ikapewa mstari mmoja. Jamani! Mwaka 1665 ugonjwa uliingia na vitambaa vya fundi nguo kutoka London. Mwaka uliofuata kasisi William Mompesson akawashawishi wanakijiji wasitoke, ili ugonjwa usienee. Watu wa nje waliacha chakula mpakani, na wanakijiji wakaweka sarafu za malipo kwenye matundu ya jiwe yaliyojazwa siki, iliyoaminika kuzisafisha. Agosti 1666 Elizabeth Hancock alizika mumewe na watoto sita ndani ya siku 8. Makaburi yao yapo hadi leo, nje kidogo ya kijiji, yamezungushiwa ukuta wa mawe. Mkienda, anzieni makumbusho, kisha kanisa la St Lawrence. Chai na keki vitasubiri.