Gati likikodishwa, kreni ni ya nani?

Sakata la bandari ya Dar es Salaam mwaka 2023 lilikwama kwenye kauli mbili. Wengine walisema bandari imeuzwa, wengine wakajibu kwamba imekodishwa tu. Kisheria hawa wa pili walikuwa sahihi. Mikataba iliyosainiwa Ikulu ya Chamwino tarehe 22 Oktoba 2023 inaipa DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, magati namba 4 hadi 7 kwa miaka 30, huku yale ya 0 hadi 3 yakitumiwa kwa kushirikiana na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, TPA. Ardhi imebaki ya umma. Lakini neno "kukodisha" lina mambo mengi ndani yake, na ndiyo tuliyoyapita haraka.

Watetezi wa ukodishaji wana hoja nzito. Meli ikikaa nje ya bandari ikisubiri nafasi, gharama yake haibaki kwa mwenye meli. Inamfikia mnunuzi wa Mwanza, Lusaka na Lubumbashi. Kreni za kisasa na mifumo ya kuhudumia shehena vinahitaji mtaji mkubwa, na DP World iliahidi dola milioni 250 kwa kuanzia, kiasi kinachoweza kufika bilioni 1. Bandari nyingi kubwa, Rotterdam ikiwamo, zinaendeshwa hivyo: mamlaka ya umma inamiliki eneo, kampuni zinapakia na kupakua.

Wapinzani waliangalia zaidi makubaliano ya kiserikali kati ya Tanzania na Dubai yaliyotangulia mikataba hiyo, hasa ibara ya 23 iliyozuia upande wowote kujitoa hata pale mwenzake anapovunja makubaliano kwa kiasi kikubwa. Mahakama Kuu, Mbeya, iliitupa kesi yao Agosti 2023. Naona hofu yao ilikuwa ya haki, kwa kuwa haki ya kuvunja mkataba ndiyo inayompa mwenye mali nguvu mezani.

Linalonigusa zaidi ni mali yenyewe. Magati 1 hadi 7 hayakukabidhiwa yakiwa machakavu. Yaliimarishwa na kuongezwa kina katika mradi uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 345, ulioidhinishwa mwaka 2017. Mkopo huo unalipwa na Serikali, si na mwekezaji. Kwa hiyo kodi ya gati haiwezi kupimwa kwa idadi ya makontena peke yake. Ni lazima ipimwe pia kwa gharama ya zege na uchimbaji ambao mlipakodi bado anaulipia.

Upande wa pili wa bandari, magati 8 hadi 11, unatufundisha zaidi. TICTS, kampuni binafsi ya kuhudumia makontena, ilipewa kitengo cha makontena mwaka 2000 kwa miaka 10. Mwaka 2005, nusu tu ya muda huo ikiwa imepita, mkataba ukaongezwa hadi kufikia miaka 25, na wabunge waliopiga kelele baadaye hawakuweza kuurudisha nyuma. Mwishowe ulikoma mwishoni mwa 2022, kabla ya miaka hiyo 25 kutimia, na magati yakarudi kwa umma. Kreni na mitambo ya kupakulia, hata hivyo, ilikuwa mali ya TICTS. Mwaka 2024, kampuni za Adani ya India na AD Ports ya Abu Dhabi zilipopewa kitengo hicho kwa miaka 30, wabia hao walikubaliana kununua asilimia 95 ya hisa za TICTS kwa dola milioni 39.5, na kwa hisa hizo wakapata mitambo pamoja na wafanyakazi. Fedha hiyo ililipwa kwa wenye hisa.

Wapo watakaosema ni biashara ya kawaida, aliyenunua kreni ana haki ya kuiuza. Nakubali. Ila bandari isiyo na kreni haihudumii kontena hata moja, na Serikali inayorudishiwa gati tupu haina pa kusimama wakati wa kumtafuta mpangaji mwingine. Mwenye nyumba makini huandika hali ya milango na mabomba kabla ya kukabidhi funguo, na hukubaliana mapema ni kipi mpangaji ataondoka nacho.

Ndiyo maana siungi mkono kurudi kwenye TPA inayofanya kila kitu, wala siridhiki na jibu la "haijauzwa". Siku ya kutia saini tuliambiwa utendaji wa DP World utapimwa kila baada ya miaka 5. Kipimo cha kwanza kisiishie kwenye kasi ya kupakua meli. TPA iweke hadharani orodha ya kila mali iliyokabidhiwa na hali yake, mitambo iliyonunuliwa tangu hapo na jina la mmiliki wake, pamoja na kifungu kinachosema ipi itabaki bandarini mkataba ukiisha au ukivunjwa. Na kama kifungu hicho hakimo, miaka inayobaki inatosha kukidai.