Eti Porsche za zamani zote zinafanana

Kuna siku niliaibika Bamburi, kule Mombasa, na sijasahau mpaka leo. Ulikuwa mwaka wa East African Safari Classic, magari ya zamani yamepangwa kwenye uwanja wa hoteli yanangoja kuanza mbio, mafundi wako chini ya magari unaona miguu tu, na mimi na simu yangu napiga picha kama mtu anayejua anachopiga. Nikafika mbele ya Porsche 911 moja nyeupe, bampa nyembamba, nyuma kuna kile kimkia kilichoinuka juu ya kifuniko cha injini kama mkia wa bata, ubavuni imeandikwa Carrera kwa herufi kubwa. Nikasema kwa sauti, tena sauti ya kusikika na watu, "Hii ndo Carrera RS yenyewe, ya sabini na tatu!"

Pembeni kulikuwa na mzee amekalia debe. Hakucheka hata. Aliniangalia tu akasema, "Hiyo ni SC ya themanini na kitu, mwanangu. Imevaa nguo za kakake."

Yaani ni 911 ya baadaye iliyovishwa sura ya RS, ile 911 adimu ya 1973. Shikamoo mzee, marahaba, nikamuuliza sasa amejuaje. Nilitegemea aniambie siri kubwa ya ufundi, sijui umbo la skrubu gani, sijui mlio wa nini.

"Nimewauliza wenyewe," akasema.

Basi huyo mzee alikuwa fundi wa bodi, amegonga mabati maisha yake yote, sasa amestaafu anakuja kutizama magari tu. Akanizungusha pale kama nusu saa, na hiyo nusu saa ilinifunza kuliko miezi niliyokuwa nakariri orodha za modeli kwenye simu. Na hapo ndo napotaka kufika leo, manake naona watu wengi wanajifunza haya mambo vibaya kama nilivyokuwa mimi.

Kwanza hii habari ya "zote zinafanana". Nakubali kwamba kwa mbali 911 ya 1965 na ya 1985 ni kama mtu na mdogo wake, taa mbili za mviringo, mgongo umeteremka mpaka chini, injini iko nyuma. Lakini mtu huyo huyo anayeniambia zote zinafanana, mweke barabarani usiku, gari ije imewasha taa full, atakwambia hiyo ni Probox, ile ya nyuma yake ni Succeed, na hatakosea. Zile nazo si ni pacha? Anazijua kwa sababu amezipanda, amezisukuma, amebishana bei ya bampa yake. Macho yetu hayana shida yoyote. (Ingawa ni sisi sisi tulioita matatu "Nissan" miaka na miaka na gari yenyewe ni Toyota Hiace, imeandikwa hapo nyuma, kwa hivo maandishi hatukuwahi kuyajali sana.)

Shida ni vile tunavyofunzwa. Utapewa orodha, modeli A ya mwaka huu, B, C, D, E, F, G, horsepower kadhaa, cc za injini kadhaa, unakariri Jumatatu na Ijumaa imeshatoka. Mzee hakunikaririsha herufi hata moja. Kila tukifika kwa gari alikuwa na swali moja tu, "Unafikiri hapa walibadilisha kwa nini?" Ukishajua kwa nini, mwaka unakaa wenyewe kichwani.

Chukua gurudumu la nyuma. 911 za mwanzo kabisa, zile za kuanzia 1964 mpaka modeli za 1968, injini imening'inia nyuma ya ekseli na magurudumu yako karibu karibu, kwa hivo ukiingia kona vibaya mkia unataka kupita mbele. Kuna wakati kiwandani walikuwa wanaficha vyuma vizito ndani ya bampa ya mbele ili pua itulie, ndio, gari ya michezo imebebeshwa mawe kama mkokoteni ulioelemewa nyuma. Kwa modeli za 1969 wakaamua kusogeza magurudumu ya nyuma milimita 57, yaani vidole vitatu hivi, na bodi wakaiacha na urefu ule ule. Sasa simama ubavuni, tizama nafasi kati ya mwisho wa mlango na tao la gurudumu. Ikibana, hiyo ni ya kwanza kwanza. Ikiwa na nafasi, ni ya 69 kuja huku. Matao yenyewe pia yalianza kutanuka kidogo mwaka huo. Hutasahau tena kwa sababu sasa ukiona ile nafasi unaona kona, unaona mtu anahangaika na usukani.

Halafu ninayoipenda kuliko zote, ya 1972. Kwenye ubavu wa kulia, baada ya mlango, chini ya kioo kidogo cha nyuma, kuna kifuniko cha pili kama cha tangi la mafuta. Ukikiona tu, hiyo ni modeli ya 72, basi, mwaka mmoja peke yake. Walikuwa wamehamisha tangi la oili likae mbele ya gurudumu la nyuma ili uzito ukae vizuri, wakaweka mdomo wake nje. Wazo zuri sana kwa injinia, lakini wale wa pampu wakiona kifuniko ubavuni wanajua ni pa petroli, wanamimina petroli kwenye oili! Mdomo wa petroli uko mbele kushoto. Mwaka uliofuata tangi likarudishwa lilikotoka, kifuniko kikaondoka. Mimi niliwahi kuwekewa dizeli kwenye gari ya petroli, kituo sikitaji, kwa hivo mzee aliponieleza hii nilicheka kwa uchungu wangu mwenyewe, na ndo maana naijua 72 hata nikiamshwa usingizini.

Bampa sasa. Hii ndo mstari mkubwa, ukijua hii tu tayari umegawa 911 za zamani mafungu mawili. Mpaka 1973 bampa ni nyembamba imelala kwenye bodi, boneti ya mbele ni ndefu inashuka mpaka chini, na pembeni mwa indiketa kuna vijiwavu vidogo vya kutolea sauti ya honi. Kuanzia modeli za 1974 bampa imekuwa nene imejitokeza, na kwenye pembe zake kuna mipira myeusi ya mikunjo mikunjo kama kodiani. Boneti ikafupishwa. Nyuma katikati ya taa ukatiwa ukanda mwekundu umeandikwa jina la gari. Kwa nini? Marekani walitoa sheria kwamba bampa iweze kugongwa kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, kama kilomita 8, na taa zisivunjike, na Porsche ilikuwa inauza sana kule, haikuwa na la kufanya. Ile mikunjo ni nafasi ya bampa kurudi ndani ikisukumwa. Kuna watu wanazichukia hizo bampa mpaka leo wanasema ziliharibu sura. Mi naona Porsche walifanya kazi safi, linganisha na wengine waliobandika mbao za mpira kwenye pua ya gari kama plasta.

Na uzuri wa kujua sababu ni kwamba inahama nawe mpaka kwa gari nyingine. Datsun 240Z, gari ambayo huku haihitaji kujulishwa, Edgar Herrmann alishinda nayo Safari Rally mwaka 1971 na Shekhar Mehta, mtoto wa Uganda, akashinda nayo 1973 baada ya kufungana pointi na Datsun mwenzake. Sasa zile Z za miaka ya baadaye kwa nini zina bampa nene kuliko 240Z? Sheria ile ile! Hujasoma chochote kuhusu Datsun na tayari unajua. Kutenganisha 240Z na 260Z nenda nyuma utizame taa ya rivasi, kwenye 240Z iko ndani ya taa kubwa, kwenye 260Z imetolewa ikawekwa peke yake. Ukiona 280Z na injini yake ya kupuliziwa petroli kwa sindano badala ya kabureta, jua hiyo ilitengenezwa kwa soko la Amerika Kaskazini.

Turudi kwa Porsche, manake hapo ndo mtu anaanza kudanganywa. Unene wa nyonga kwa mfano. Mwaka 1975 ilikuja Turbo, ile wanaoijua wanaiita 930, matao ya nyuma mapana kabisa na bawa kubwa juu ya injini, watu wakajua nyonga nene ni Turbo. Baadaye kiwanda chenyewe kikaanza kuuza Carrera ya kawaida yenye bodi ya Turbo, ukitaka na ukilipa. Turbo hakuna, nyonga zipo. Maandishi ndo kabisa usiyategemee, wako wanaoyabandua na wako wanaobandika yasiyo yake. Na iko 912, ya 1965 mpaka 1969, bodi ni ya 911 tupu lakini injini ni ya silinda nne badala ya sita, kwa sababu 911 ilikuwa bei juu na walitaka kitu cha wasioifikia. Horsepower 90 kwa 130. Imesimama imenyamaza utaipa heshima zote za 911, ikiwashwa ndo unajua umesalimia mtu siye.

Zile za baadaye, ambazo watu wanaziita kwa namba zao za kiwandani, ni rahisi, sitakaa hapo. 964 ya 1989 bampa zimeungana na bodi na bawa la nyuma linajiinua lenyewe ukikimbia, 993 taa za mbele zimelala, na ndiyo ya mwisho kupozwa kwa upepo, 996 ikaja na rejeta ya maji na taa ambazo watu walizicheka wakasema ni mayai ya kukaanga. Mi sikuzicheka sana lakini pia sikuzitetea.

Hata jina lina kisa chake na kinatuhusu sisi. Mwaka 1963 gari ilionyeshwa Frankfurt ikiitwa 901. Peugeot wakasema hapana, namba tatu zenye sifuri katikati ni zetu, 403, 404, si unazijua, basi ikabidi iwe 911. Sasa njoo Safari Rally. Porsche alikuwa wa pili 1972 akiendeshwa na Zasada, wa pili 1974 akiendeshwa na Waldegård, na 1978 wakaja na 911 SC zimenyanyuliwa juu kama za kulimia shamba, Vic Preston Jr., kijana wa hapa hapa, akamaliza wa pili tena. Aliyeshinda mwaka huo? Jean-Pierre Nicolas, na gari yake ni Peugeot 504. Jina walimnyang'anya na kombe wakamnyang'anya! Ile Safari Rally yenyewe Porsche hakuwahi kuishinda enzi hizo zote. Waldegård alikuja kushinda na 911 mwaka 2011 kwenye hii Classic ya wazee, akiwa na miaka 68, mwanawe amekaa kiti cha pembeni.

Na hizo za Classic ndo zilizoniaibisha. Kuna kazi watu wanaifanya ya kuchukua 911 ya miaka ya themanini, ambayo bodi yake inahimili kutu vizuri na bei yake si ya kuua mtu, wanaivua bampa nene, wanaivisha boneti ndefu na kimkia cha bata, inageuka sura ya 73. Carrera RS yenyewe zilitengenezwa 1,580, nani atakuletea moja aigonge mashimo ya Taita? Mzee alikuwa mkali juu ya hili, alisema gari iachwe na sura ya mwaka wake, kubadilisha ni kumdanganya mnunuzi. Mi simuungi mkono hapo. Kwenye mbio mwenyewe anajua, mafundi wanajua, karatasi zinajua, aliyedanganyika ni mimi peke yangu na ni kwa sababu ya mdomo wangu. Lakini siku gari hiyo inauzwa, muuzaji akanyamaza mnunuzi afikirie ni ya 73, hapo mzee ana haki na mi nasimama naye, na hapo uachane na bampa na mikia, uende kwenye chesi namba na namba ya injini, manake hizo ndo ngumu kuvishwa nguo.

Siku ile kabla hatujaachana nilijaribu kujikomboa. Kulikuwa na 911 ya buluu, bampa za kodiani kwa hivo ni ya 74 kuja huku, bodi imetanuka kidogo nyuma, nikasema hii ni SC au ni Carrera 3.2. SC ilitoka modeli za 1978 mpaka 1983, 3.2 ikafuata 1984, na ya kuitenganisha haraka ni taa za ukungu, kwenye 3.2 zimejengwa ndani chini ya bampa ya mbele. Nikainama kutizama. Wamefunga chuma cha kukinga na mataa manne makubwa ya usiku, chini hakuonekani kitu. Nikamgeukia mzee, naye ananitizama tu na debe lake mkononi.

Nikaenda nikamgonga fundi mguuni taratibu, nikamuuliza.