Eti wapangaji ndio wanaharibu mtaa? Tuliangalie hili taratibu

Ukikaa kwenye mtaa ambao watu wengi wamenunua nyumba zao kuna sentensi utaisikia tu, leo au kesho, "tangu wapangaji waanze kujaa huku mtaa umeharibika". Na kama hao wapangaji ni wa kusaidiwa kodi na serikali, wenye vocha ya serikali inayolipia sehemu ya kodi ya nyumba au wanaokaa nyumba za ruzuku, hapo sauti inashushwa kidogo halafu yanamwagika yote: uhalifu, kelele, watoto wasiofunzwa, bei ya nyumba kushuka.

Sio maneno ya juzi haya. Mwaka 1926 Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kesi ya kijiji cha Euclid kule Ohio, ile iliyohalalisha mipango miji ya kutenga maeneo kwa matumizi tofauti, jaji George Sutherland aliandika kwamba jengo la ghorofa za kupangisha likiingia kwenye eneo la nyumba za familia mara nyingi ni kupe tu, linanyonya uzuri ambao wengine wameutengeneza. Kupe! Kwenye hukumu ya mahakama ya juu kabisa ya nchi. Na Oxford, Uingereza, mwaka 1934 kampuni iliyojenga nyumba za binafsi eneo la Cutteslowe ilikata barabara katikati kwa kuta mbili zenye kimo cha zaidi ya mita 2 na vyuma vyenye ncha juu, ili waliopanga nyumba za manispaa wasipite upande wao. Zilikaa hapo mpaka 1959, ina maana kuna mtoto alizaliwa, akakua, akaoa, na bado anazunguka njia ndefu kwenda dukani kwa sababu mama yake alipanga nyumba isiyo sahihi.

Sasa kabla hatujawazomea wamiliki tuwasikilize kwanza, maana woga wao hauna ujinga kama watu wanavyoutangaza. Mtu wa kawaida aliyenunua nyumba kwa mkopo wa miaka 30 hana hisa wala kiwanja cha pembeni, kila kitu alichonacho duniani kipo kwenye yale matofali, kwahiyo ukimwambia kuna mradi wa nyumba za ruzuku unakuja jirani yeye anasikia kuna mtu anataka kuingiza mkono kwenye akiba yake ya uzeeni. Na data haimkatalii moja kwa moja. Wachumi Rebecca Diamond na Tim McQuade walifuatilia majengo ya kodi nafuu Marekani ambayo wajenzi wake wanapunguziwa kodi wanayolipa serikalini, wakakuta kwamba kwenye mitaa ya kipato cha juu yenye watu wachache wa makundi ya walio wachache bei za nyumba za karibu zilishuka kwa kama asilimia 2.5. Ni ndogo lakini ipo, nani anapenda kupoteza hata hiyo?

Ila wale wale walikuta pia kwamba jengo la namna hiyo likijengwa kwenye mtaa wa kipato cha chini bei za jirani zinapanda, kama asilimia 6.5, na uhalifu unapungua. Hii nusu ya pili haisemwi kwenye vikao vya mtaa. Kumbe aina ile ile ya jengo na wapangaji inashusha huku na inapandisha kule, na kama tatizo lingekuwa tabia ya mpangaji ingebidi ishuke kote.

Lalamiko lingine ni kwamba wapangaji hawajali. Hawaji kwenye vikao, hawapandi hata ua, wanahama hama, kura za serikali za mitaa hawapigi. Kiukweli kwa wastani ni kweli kabisa wapangaji wanahama zaidi na wanapiga kura kidogo, sitabisha. Lakini hebu chukua kitu kidogo, bomba la nje linavuja. Mmiliki anayekaa kwake anaita fundi jioni ile ile. Mpangaji anampigia mwenye nyumba, anaambiwa "nitamtuma mtu", wiki inapita, anapiga tena, simu haipokelewi, maji yanachuruzika mpaka barabarani na majirani wakipita wanatikisa kichwa, hawa wapangaji bwana. Akiamua kutengeneza kwa hela yake mkataba unaisha baada ya miezi mitatu na hilo bomba jipya anamwachia nani? Hata kupaka rangi ukuta mikataba mingi inamkataza. Tunamhukumu mtu kwa kutotunza kitu ambacho karatasi aliyosaini inamwambia sio chako usikiguse, wakati mwenye nyumba halisi yuko mji mwingine kabisa anasubiri hela tarehe moja, na jina lake halitajwi kwenye malalamiko hata mara moja.

Kwa wa ruzuku mambo ni magumu zaidi kwa sababu watu wanaongea kitu wasichokijua. "Wanakaa bure". Hapana, mwenye vocha Marekani kwa kawaida analipa kama asilimia 30 ya kipato chake na serikali inajazia iliyobaki, nyumba yenyewe inakaguliwa kabla hajaingia, na akivunja masharti vizuri vizuri vocha inaondoka. Kuipata tena sio leo wala kesho, kati ya familia nne zenye sifa ya kusaidiwa kodi na serikali kuu ni kama moja tu inayopata na foleni ni za miaka. Sasa mtu aliyesubiri foleni miaka yote hiyo unadhani ndiye atakayekuwa wa kwanza kuanzisha fujo? Wapo, wakorofi wako kila mahali hata kwenye nyumba za kununua, tofauti ni kwamba mmiliki mkorofi anaitwa kwa jina lake na mwenye vocha mkorofi anaitwa "hawa watu wa vocha".

Watu watasema mbona Pruitt-Igoe. Sawa, tuiongelee, majengo 33 ya nyumba za serikali ya ghorofa 11 kule St. Louis, Marekani, yalikamilika katikati ya miaka ya 1950 na kufikia 1972 yanalipuliwa kwa baruti. Hiyo imekuwa ushahidi wa kila mtu anayepinga nyumba za ruzuku. Lakini matunzo ya pale yalitegemea kodi za wapangaji wenyewe, maskini walioendelea kuwa maskini huku mji ukipoteza watu, na ili kubana gharama lifti zilitengenezwa zisimame ghorofa ya 1, 4, 7 na 10 tu. Unakaa ya 6 na mtoto mgongoni, unashukia ya 7 halafu unatafuta ngazi yenye taa zilizoungua. Hapo tabia ya mpangaji inaingilia wapi? Wakati Vienna, mji mkuu wa Austria, karibu nusu ya wakazi wanakaa nyumba za manispaa au za ruzuku, na kikomo cha kipato kimewekwa juu kiasi kwamba mwalimu na dereva wa basi wanakutana ngazi moja, kwahiyo anwani haimchomi mtu.

Na kuna ruzuku ambayo hakuna anayeinong'oneza. Marekani mmiliki anaweza kupunguziwa kodi ya mapato kwa riba ya mkopo wake wa nyumba, na wenye mikopo mikubwa ndio wanaofaidi zaidi. Mbona huyo haitwi wa kulipiwa na serikali?

Mimi naona woga wa wamiliki ni wa kweli ila umelengwa pabaya, unamwangukia mpangaji kwa sababu ndiye anayeonekana dirishani. Mount Laurel kule New Jersey walipigana mahakamani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuzuia nyumba za kodi nafuu, hukumu kubwa zikatoka 1975 na 1983, Ethel Lawrence aliyeanzisha mapambano ya kuzidai nyumba hizo akafariki 1994 bila kuona hata msingi. Nyumba 140 zenye jina lake zikaanza kupokea watu mwaka 2000. Mwanasosholojia Douglas Massey na wenzake walipoenda kupima, uhalifu haukupanda na bei hazikushuka kulinganisha na miji jirani, na walipowahoji watu wa mitaa ya pembeni, kama theluthi moja walikuwa hawajui kama nyumba hizo zipo.