Potasiamu inasingiziwa mengi

Kati ya mbolea zote tunazotia kwenye matangi ya samaki yenye mimea, hakuna inayotugombanisha kama potasiamu. Upande mmoja unafuata njia ya Mmarekani Tom Barr: tia kwa ukarimu hadi maji yafikie miligramu 10 mpaka 30 kwa lita, kisha kila wiki mwaga nusu ya maji, weka mapya, uanze tena. Upande wa pili unaonya kwamba potasiamu ikizidi inaizuia mimea kufyonza kalsiamu na magnesiamu. Wanakuonyesha vichipukizi vya mimea ya Rotala na Ammannia vilivyojikunja na kudumaa, na wanasema mkono wa mwenye tangi ulikuwa mzito. Hofu yao ina msingi. Lakini imekuzwa kupita kiasi, na kwa sababu yake matangi mengi yanashinda njaa.

Msingi wenyewe unatoka shambani. Malisho yaliyomwagiwa potasiamu nyingi hutoa majani yenye magnesiamu haba, na ng'ombe wanaoyala wanaweza kutetemeka, kuanguka na hata kufa. Potasiamu, kalsiamu na magnesiamu zote huingia mzizini kama ioni, yaani chembe zenye chaji chanya ya umeme, na zinapigania nafasi. Hilo halina ubishi. Ubishi ni kiasi gani. Mchanganyiko wa Hoagland, ambao watafiti wameutumia kwa miongo mingi kukuza mimea bila udongo, una potasiamu kama miligramu 235 kwa lita, na mimea inastawi. Mwenye tahadhari atanijibu kwamba humo kalsiamu nayo inafika 200, kwa hiyo uwiano uko sawa. Ni jibu zuri. Basi twende mahali ambapo uwiano ni mbaya kweli.

Maji ya Ziwa Tanganyika yana potasiamu kiasi cha miligramu 35 kwa lita, na kalsiamu kama 10 tu. Potasiamu ni zaidi ya mara tatu ya kalsiamu! Kama onyo lingekuwa kweli kwa jinsi linavyotolewa, Kigoma pasingeota hata jani moja chini ya maji. Lakini ziwani mle Vallisneria inaota, Ceratophyllum inaota, Potamogeton inaota, na samaki aina ya sikilidi wanaosafirishwa kwenda kuuzwa dunia nzima wamezaliana humo kwa mamilioni ya miaka. Ziwa Victoria, kwa kulinganisha, lina potasiamu kama miligramu 4 kwa lita, na mito mingi duniani haifiki hata hapo. Sehemu kubwa ya chumvi za Tanganyika imeletwa na mto Rusizi kutoka Ziwa Kivu, ambalo limekaa chini ya volkano za Virunga, zenye lava iliyojaa potasiamu, na Kivu lenyewe linalizidi Tanganyika kwa potasiamu.

Namba hii ya 35 nimeigeuza kila upande, kwa sababu ni rahisi kuitumia vibaya. Tanganyika ina magnesiamu kama miligramu 40, bikaboneti nyingi, na pH inayokaribia 9. Vallisneria na Ceratophyllum zinaweza kutumia bikaboneti kama chanzo cha kaboni. Rotala nyingi tunazopanda zimetoka maji laini ya Asia, yaani maji yenye kalsiamu na magnesiamu kidogo, na siwezi kuileta Vallisneria ya Kigoma iwe shahidi wa Rotala. Ninachoweza kusema ni kwamba ziwa hili linavunja dai la jumla, kwamba potasiamu ikifika 20 au 30 basi kwa nguvu zake yenyewe inaifungia kalsiamu mlango. Haifungi. Tangi la maji laini lenye kalsiamu miligramu 3 lina upungufu wa kalsiamu kabla hujatia punje ya potasiamu. Potasiamu, pamoja na mwanga mkali na hewa ukaa, inaifanya mimea ikue haraka zaidi, na ukuaji wa haraka ndio unaolifichua pengo lililokuwepo.

Na dawa yake si ghali. Gramu 4.3 za jasi katika lita 100 zinaongeza kalsiamu miligramu 10 kwa lita, ingawa inayeyuka polepole, hivyo ikoroge ndani ya ndoo kwanza. Gramu 1 ya chumvi ya Epsom katika lita hizohizo inaongeza magnesiamu miligramu 1.

Tuje kwenye madhara ya hofu yenyewe, maana huku hakuangaliwi sana. Chukua tangi lenye samaki wengi. Mwenyewe anapima nitrati, anaona 40, anahitimisha kwamba mbolea imejaa na ya ziada italeta mwani. Lakini nitrati ile imetokana na protini ya chakula cha samaki. Chakula hicho huleta nitrojeni na fosforasi kwa wingi, potasiamu kidogo sana ukilinganisha na mahitaji ya mmea. Wakulima wanaokuza mboga kwa maji ya mabwawa ya samaki wanalijua hili vizuri: nyanya zao zina nitrati ya kutosha na bado zinaonyesha njaa ya potasiamu, hadi waiongeze wenyewe. Tangi la sebuleni ni shamba lilelile, dogo tu.

Njaa hiyo inaanzia majani ya zamani, kwa sababu mmea unaweza kuihamisha potasiamu kutoka jani zee kwenda kwenye chipukizi. Utaona vitundu kama vya sindano, kingo zake za njano, vikipanuka kwenye Hygrophila, Microsorum au Anubias. Hapa wenye tahadhari wako sahihi kwa jambo moja muhimu: si kila tundu ni potasiamu. Kuna konokono, kuna uzee, na kuna majani yaliyokuzwa kitaluni nje ya maji ambayo yanaoza yakizamishwa. Isitoshe, jani lililotoboka halitazibika. Anayetia mbolea huku akikodolea macho jani zee atatia bila kikomo. Tazama jani linalofuata.

Hesabu ndiyo inayotenganisha ukarimu na uharibifu. Gramu 1 ya salfeti ya potasiamu katika lita 100 inatoa miligramu 4.5 kwa lita. Ukiongeza miligramu 15 kila wiki na kubadilisha nusu ya maji, hata kama mimea isingenyonya chochote, kiwango hakiwezi kupita 30. Ukitia kiasi hichohicho lakini ukabadilisha asilimia 20 tu ya maji, kinaweza kupanda hadi 75. Wengi wanaolalamikia njia ya Barr wamechukua kijiko wakaiacha ndoo. Wakati huohuo, anayetumia nitrati ya potasiamu tayari anaitia bila kuihesabu: kila miligramu 10 za nitrati zinakuja na 6 za potasiamu. Mwenye tangi la namna hiyo hana sababu ya kununua salfeti juu yake, na akinunua, asishangae wakimwambia amezidisha. Vipimo vya nyumbani vya potasiamu, ambavyo vingi husoma ukungu unaojitokeza kwenye maji, havitoshi kumwokoa. Mizani ndogo kama ya sonara itamsaidia zaidi.

Kuna kiumbe mmoja ambaye sikubali tumfanyie majaribio. Mwaka 2006, katika machimbo ya mawe ya Millbrook huko Virginia, Marekani, kloridi ya potasiamu ilitiwa kwa lengo la kufikia miligramu 100 kwa lita ili kuwaua kome vamizi. Kome walikufa, samaki wakabaki hai. Mwenye kome wa maji baridi ndani ya tangi lake akae chini kabisa ya viwango vyote nilivyotaja, na abadilishe maji bila kukosa.

Kwa Rotala iliyojikunja kwenye maji laini, ningeongeza kalsiamu na magnesiamu kwanza, potasiamu niiache ilipo, nisubiri wiki mbili nione vichipukizi vipya. Vikinyooka, kesi ya potasiamu imekwisha. Visiponyooka, nitaipunguza peke yake bila kugusa kingine, na vikinyooka hapo nitakubali kwamba kwa tangi lile wenye tahadhari walisema kweli.