Kamshafti ya revu au ya kuvuta? Inategemea unabeba nini na unapanda wapi

Hapa steji yetu ya boda upande wa Ndeeba, Kampala, mjadala umekua mkali tangu mwenzetu mmoja abadilishe kamshafti (kam, ile shafti yenye nundu inayofungua valvu za injini) ya pikipiki yake ya Boxer 150, akaweka ile wanaita ya resi. Yeye anasema pikipiki imefunguka, kwenye barabara ya Masaka anawapita watu. Wengine wanasema akibeba abiria wawili na mkungu wa matoke kupanda Mutundwe, inakohoa mpaka anarudi gia ya kwanza. Mimi nimeipanda ile pikipiki kwa njia zote mbili na nawaambia wote wanasema kweli. Shida ni kwamba hizi kam zinauzwa kama vile ni nguvu umeongezewa bure, kumbe nyingi zinatoa nguvu huku chini, injini ikizunguka polepole, zinaipeleka kule juu kwenye revu kubwa, na kama wewe kazi yako iko chini basi umelipa pesa ili unyang'anywe.

Ngoja tuangalie kinachofanyika ndani. Kam inazunguka nusu ya mwendo wa kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, na zile nundu zake ndizo zinaamua valvu inafunguka lini, inainuka kiasi gani na inafunga lini. Watu wengi wanaangalia kimo tu, yaani lifti, lakini kwa maoni yangu namba inayobadilisha tabia ya injini kuliko zote ni saa ya kufunga valvu ya kuingiza hewa na petroli. Pistoni ikifika chini valvu hiyo haifungi hapo hapo, inabaki wazi kidogo huku pistoni imeshaanza kupanda. Tuseme kam ya kawaida inafunga digrii 40 za mzunguko wa kranki baada ya pistoni kuwa chini kabisa, na ya resi inafunga digrii 60. Digrii 20 zinaonekana kidogo, si ndiyo? Sa piga hesabu kwa injini ya Boxer 150 ambayo safari ya pistoni ni milimita 58.8: kwenye digrii 40 pistoni imepoteza chini ya sehemu moja ya kumi ya safari yake kabla haijaanza kubana kitu, lakini kwenye 60 imepoteza karibu sehemu moja ya tano. Revu zikiwa ndogo, ile hewa na petroli iliyokuwa imeshaingia inasukumwa kurudi kwenye kabureta, mbano unapungua, na ndiyo maana pikipiki inatetemeka ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kupewa moto, na inakufa ukiachia klachi haraka na mzigo.

Alafu kumbuka tunaishi wapi. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na injini isiyo na tabo (ile pampu ya kusukuma hewa ndani) inapoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Kwa hiyo zile hosipawa 12 za kwenye karatasi, hapa mjini tayari zimeshakuwa kumi na kidogo, na ukienda Kabale karibu mita 2,000 ndiyo kabisa. Mbano wenyewe tayari umepungukiwa hewa, wewe unaongeza kam ya kuupunguza zaidi, banange!

Lakini nisiwe mtu wa upande mmoja, kwa sababu wanaoitetea kam ya resi wana hoja nzito. Hewa ina uzito, na ikishapata kasi kwenye bomba la kuingilia haisimami mara moja, inaendelea kujipakia ndani ya silinda hata pistoni ikiwa inapanda. Revu zikiwa kubwa, kule kuchelewa kufunga kunakuwa faida tupu. Na hosipawa ni msukumo wa kuzungusha mara mwendo wa kuzunguka, basi injini inayotoa msukumo wa nyutoni mita 12 kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika inakupa kama hosipawa 8 na nusu, lakini ikitoa 10 tu kwenye mizunguko 9,000 inakupa karibu 13. Msukumo umepungua na hosipawa zimeongezeka, zote ni kweli kwa pamoja, na huyu mwenzetu wa barabara ya Masaka anachosikia ni hicho. Kwa vijana wanaokimbia motokrosi pale Garuga au Busiika, ambao hawabebi mtu na klachi wanaijua, kam kali na gia fupi ni kitu cha maana kabisa, na kampuni kama Hot Cams na Web Cam zimejijengea jina kwa kazi hiyo hiyo.

Kitu kinaniuma ni jinsi watu wanavyolinganisha hizi kam. Mmoja anakwambia yangu ni digrii 280, yaani muda wote valvu inaokaa wazi, mwingine anasema yangu 235, basi ya 280 ndiyo kali. Hapana! Kuna wanaopima tangu valvu inapoanza kunyanyuka kidogo tu, Wajapani wengi wanapima ikishainuka milimita 1, Wamarekani wanapima kwenye milimita 1.27. Kam ile ile moja inaweza kupewa namba tatu tofauti, kwa hiyo kabla ya kulinganisha uliza imepimwa wapi, na muuzaji akishindwa kukujibu basi hiyo namba iache hapo dukani. Na hata lifti ina mwisho wake, kwa sababu valvu ikiinuka robo ya upana wake, mwanya wa pembeni unakuwa sawa na tundu lenyewe, yaani valvu ya milimita 28 ikifika 7 ukizidisha hapo unapata kidogo sana, kama hujagusa kabureta na njia za hewa ndani ya hedi, kile kichwa cha injini.

Springi nazo. Ukitoka mizunguko 7,500 kwenda 9,500, nguvu inayohitajika kuirudisha valvu inaongezeka kama asilimia 60. Springi za zamani zitashindwa, valvu itabaki inaelea, na hapo inaweza kukutana na pistoni. Ukiweka springi ngumu nazo zinakula nundu na rokaam, yule mkono unaosukuma valvu, hasa kwa sisi tunaochelewesha kubadilisha oili. Kwa zile pikipiki zenye injini ya CG, ambayo Honda waliianzisha miaka ya 1970, mambo ni magumu zaidi kwa sababu kam iko huku chini na nundu ni moja tu inayosukuma fito za valvu zote mbili, huwezi kubadilisha muda wa kuingiza bila kugusa wa kutoa.

Mimi mwenyewe niliwahi kuweka kam iliyosagwa upya, nikaambiwa ni ya kigeni. Wiki ya kwanza nilikuwa na furaha sana, ilivuta vizuri hata. Mwezi wa pili tapeti, ule mwanya wa valvu unaorekebishwa, zikaanza kulia, nikirekebisha asubuhi jioni zinalia tena, nikafungua nikakuta nundu moja imelika mpaka imeingia shimo na rokaam imeenda nayo. Chuma cha kam ni kigumu kwa juu tu, ukisaga mpaka ukapita ile ngozi, na hukuigumisha tena kwa moto, chini yake unabaki na chuma laini. Kusaga upya siyo dhambi, inafanyika vizuri duniani kote, ila mashine ya kufuata umbo la nundu na kazi ya kuigumisha lazima viwepo, na hilo la kwangu halikufanyiwa hata moja.

Kwa mtu wa boda anayetaka kuvuta zaidi, mimi nitasema hivi: anza na kam ya kawaida isiyolika, tapeti zipimwe injini ikiwa baridi, jeti, vile vitundu vya kabureta vya kupitisha petroli, ziwe sawa na huu mwinuko wetu. Bado unataka? Badilisha sproketi ya nyuma, ile gurudumu la meno la mnyororo. Kama ina meno 42 ukaweka 45 umepata asilimia 7 ya msukumo kwenye tairi katika kila revu, kwa bei ndogo kabisa, na unachopoteza ni mwendo wa juu ambao kwenye msongamano wa Nateete hauna kazi. Kama bado unataka kam, tafuta ile yenye lifti kubwa kidogo lakini inayofunga valvu ya kuingiza karibu na ya kiwandani, siyo ile yenye digrii nyingi.

Yule mwenzetu nilimwambia hivo hivo Jumapili. Alinisikiliza vizuri, akaniambia sasa hivi anaenda Masaka na parseli mara tatu kwa wiki na Mutundwe hapandi tena, na kwa kazi hiyo sikuwa na la kumpinga, nikamsaidia tu kuongeza jeti kuu saizi moja kwa sababu plagi yake ilikuwa nyeupe, dalili ya petroli kuwa kidogo.